Mholanzi hakuwa na nafuu, alikuwa na daftari

Watu wakianza kulinganisha wakoloni, hawakosi wa kusema kwamba Mholanzi alikuwa na nafuu. Hakulazimisha lugha yake, hakuhangaika sana kubatiza watu, na watawala wa jadi aliwaacha kwenye viti vyao. Hayo yote yana ukweli. Ninachokataa ni kuyaita huruma.

Chanzo ni 1602. Mwaka huo Uholanzi iliipa kampuni moja, VOC (Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki), ruhusa ya kufanya biashara mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, na pamoja nayo haki ya kujenga ngome, kuajiri askari na kutia saini mikataba na wafalme. Mreno kule Goa, India, alimweka makamu wa mfalme. VOC iliongozwa na wakurugenzi 17 waliokutana Uholanzi, wanane kati yao wa Amsterdam. Waingereza nao walikuwa na kampuni, lakini ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kabla haijatawala Bengal. Kule visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, watu wa VOC walifika na bunduki mapema mno: mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa kampuni, aliwamaliza wenyeji karibu wote, wengine kwa upanga, wengine kwa njaa, wengine kwa kuwahamisha. Mashamba ya kungumanga wakapewa Wazungu walimishe watumwa. Kampuni ilipovunjwa mwisho wa 1799, dola ikarithi makoloni yake na madeni yake.

Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, ndiko tofauti inakoonekana vizuri. Mwaka 1830, hazina ikiwa imekaushwa na vita, Gavana Mkuu Johannes van den Bosch alileta kilimo cha lazima. Kwenye karatasi mpango ulikuwa wa kiungwana. Kijiji kitenge moja ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya serikali: miwa, nili (mmea wa rangi ya buluu), na kadhalika; kahawa ilipandwa zaidi milimani. Asiye na ardhi afanye kazi siku 66 kwa mwaka. Kijiji kinachotoa mazao kisamehewe kodi ya ardhi, na mavuno yakiharibika bila kosa la mkulima, hasara ni ya serikali.

Kilichoharibu ni asilimia. Ofisa wa Kizungu na regenti, yaani mtawala wa jadi wa Kijava, wote walilipwa kwa kadiri ya mazao yaliyofika ghalani. Basi moja ya tano ikavuka mipaka, siku 66 zikasahaulika, na mara nyingi kodi iliendelea kudaiwa. Muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka na hunywa maji ya mpunga, kwa hiyo msimu wa chakula ulivurugika. Nili ilichosha ardhi na kula nguvu kazi. Humo humo Java, Cirebon iliona njaa miaka ya 1840, kisha Demak na Grobogan 1849 na 1850.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini regenti aliachwa na heshima yake. Akida wa Mjerumani huku kwetu mara nyingi alikuwa mgeni kutoka pwani, na watu walimwona hivyo. Regenti alikuwa mtoto wa ukoo unaotiiwa tangu mababu, kwa hiyo amri ya kulima ilipotoka kinywani mwake haikuhitaji askari wengi. Ni utawala wa bei nafuu. Lugha nayo ni hivyo hivyo: Kimalayu kilitosha kuendeshea ofisi, na mwenyeji asiyejua Kiholanzi hawezi kudai kazi ya Mholanzi.

Kwenye jamii mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Mtoto wa mama Mjava akikubaliwa rasmi na baba Mzungu alihesabiwa Mzungu kisheria. Mwaka 1899 hata Wajapani wakaingizwa kundi hilo. Mpaka wa rangi ulikuwa na mlango, lakini waliobaki nje walihukumiwa kwenye mahakama zao tofauti.

Faida iliyopelekwa Uholanzi kati ya 1831 na 1877 ilipita gilda (fedha ya Uholanzi) milioni 800. Katika miaka ya 1850 ilikaribia theluthi ya mapato ya dola. Ililipa madeni, ikajenga reli. Suriname, koloni la Uholanzi Amerika Kusini, utumwa ulipokomeshwa 1863, bwana alilipwa gilda 300 kwa kila mtumwa, na fedha hizo zilitoka Java. Waliokombolewa hawakupata kitu, na wengi wao wakafungwa kwa mikataba ya kazi miaka mingine 10.

Leopold II wa Ubelgiji aliusoma mfano wa Java kwa makini kabla hajaigusa Kongo. Mawakala wake wa mpira nao walilipwa kwa kadiri ya kilo walizoleta, na wasomaji wa Kongo hawahitaji kuelezwa yaliyofuata.

Hata kuondoka kulikuwa na hesabu. Katika makubaliano ya uhuru ya 1949, Indonesia ilibebeshwa deni la koloni la zaidi ya gilda bilioni 4. Ilisimamisha malipo 1956.