Si ndugu wa mofini

Asante mwandishi kwa habari ya suzetrijini, dawa ya kutuliza maumivu, ila uliposema inafanya kazi "kama mofini, isipokuwa haileti uraibu" umetuchanganya. Mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni (opioidi), hujishika kwenye vipokezi vya opioidi vilivyomo kwenye ubongo na uti wa mgongo. Raha yake, uraibu wake na hatari ya pumzi kukata vinatokana na vipokezi hivyo. Suzetrijini haipiti njia hiyo. Yenyewe inaziba NaV1.8, mlango wa protini kwenye neva za maumivu zilizo nje ya ubongo. Mlango ukifunguka, sodiamu huingia ndani ya neva na ishara ya maumivu husafiri. Ukizibwa, ishara inafifia kabla ya kufika kichwani. Ganzi ya daktari wa meno nayo huzuia sodiamu, lakini haichagui mlango, ndiyo maana mdomo mzima unakufa ganzi.

Halafu mbona hukusema kibali cha Marekani cha Januari 2025 ni cha maumivu ya muda mfupi tu, tena kwa watu wazima? Sisi wenye mgongo wa miaka nenda rudi tusianze kuisumbua famasi. Na kwenye majaribio ya baada ya upasuaji ilishinda vidonge visivyo na dawa ndani, haikushinda haidrokodoni (opioidi nyingine) yenye parasetamoli.