Avro 504: ndege ya vita au ndege ya shule?

Tarehe 21 Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege tatu za Avro 504 za wanamaji wa Uingereza ziliruka kutoka Belfort, mashariki mwa Ufaransa, kwenda kupiga mabanda ya Friedrichshafen, kando ya Ziwa Konstanz, zilikoundwa meli za anga za Zeppelin, yaani maputo makubwa ya gesi yenye injini. Ya nne ilikwama uwanjani. Kila moja ilibeba mabomu manne ya kilo tisa hivi. Jumlisha yote: gunia moja la mahindi na debe juu yake.

Ubishi kuhusu Avro 504 unaanzia kwenye gunia hilo.

Wanaoitukuza wanatazama safari yenyewe. Hii ilikuwa mashine ya mbao na kitambaa, mabawa mawili yaliyopandana, injini ya Gnome ya nguvu farasi 80 iliyozunguka yote pamoja na rafadha, na ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tu tangu iruke mara ya kwanza Septemba 1913. Ikavuka zaidi ya kilomita 150 ndani ya anga ya adui, ikashuka hadi karibu na maji ya ziwa, kisha ikapanda kutafuta shabaha. Rubani alikwenda peke yake. Uzito wa mtu wa pili ulihitajika kwa mabomu. Wawili walirudi. Wa tatu, Briggs, alitunguliwa, akajeruhiwa na kukamatwa. Hata Uswisi ililalamika kwamba anga yake imevukwa. Tangu siku hiyo, umbali peke yake haukuwa tena kinga ya Friedrichshafen.

Upande wa pili unauliza: kilibomoka nini? Waingereza walitangaza uharibifu mkubwa, Wajerumani wakakana, na Zeppelin iliyokuwamo bandani ilisalimika. Isitoshe, tarehe 22 Agosti mwaka huohuo, Avro 504 ndiyo iliyokuwa ndege ya kwanza ya Uingereza kutunguliwa na Wajerumani, nchini Ubelgiji, tena kwa risasi kutoka ardhini.

Kwenye mapigano ya ndege kwa ndege, mimi niko na hawa wa pili bila kusita. Mtazamaji, yaani mtu wa pili ndegeni, ambaye ndiye angeshika bunduki, aliketi kiti cha mbele, amezungukwa na nyaya, nguzo na mabawa, na rafadha ikimzibia njia ya mbele. Ukitaka kumnyima mtu nafasi ya kulenga, huwezi kumpangia kiti kibaya kuliko hicho. Baadaye zilitengenezwa za mtu mmoja za kuwinda usiku, zenye bunduki ya rashasha ya Lewis juu ya bawa la juu ili risasi zipite juu ya rafadha. Hayo yalikuwa marekebisho ya chombo ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Kwenye mabomu nasita zaidi. Mwishoni mwa 1914, ndege yoyote iliyoweza kupaa na mzigo ikafika na kurudi ilitosha kuitwa ndege ya mabomu, na kwa kipimo hicho cha wakati wake Avro ilifaulu. Sifa iliyoifikisha ziwani, wepesi wa kutii mkono wa rubani, ndiyo iliyompendeza rubani Mwingereza Robert Smith-Barry alipopanga upya mafunzo ya urubani huko Gosport, kusini mwa Uingereza, mwaka 1917. Mwanafunzi akikosea, ndege ilimwonyesha papo hapo. Zaidi ya 8,000 ziliundwa wakati wa vita, nyingi zikaishia shuleni, na marubani waliotoka humo walikwenda mstari wa mbele wa vita wakiendesha ndege za aina nyingine.