Ville de Paris: manowari iliyoshinda kwa kuziba mlango

Wengi wanaosimulia habari za manowari ya Kifaransa Ville de Paris hukimbilia siku moja tu, yaani tarehe 12 Aprili 1782, ilipotekwa na Waingereza karibu na visiwa vya Saintes katika bahari ya Karibi. Kwa maoni yangu, hawaitendei haki.

Meli hii ilitokana na mchango. Vita vya Miaka Saba kati ya Ufaransa na Uingereza vilipokuwa vimeangamiza sehemu kubwa ya jeshi la maji la Ufaransa, waziri Choiseul aliihimiza miji na taasisi zitoe fedha za kuundia meli mpya, na ile iliyokusudiwa kuitwa Impétueux, huko Rochefort, ikapewa jina la mji uliojitolea kuigharamia, yaani Paris. Ilishushwa majini mwaka 1764 ikiwa na mizinga 90, wakati vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla.

Kazi yake kubwa ilisubiri hadi Septemba 1781, katika Vita vya Uhuru wa Marekani, Wafaransa walipokuwa wakiwasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza. Ikiwa imembeba amirali de Grasse, iliongoza meli 24 kutoka katika ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, kuzikabili 19 za Mwingereza Thomas Graves. Mapigano ya tarehe 5 hayakuwa ya kutisha, wala hakuna meli iliyotekwa siku hiyo, na labda ndiyo sababu hayasisimui wasomaji. Hata hivyo, Graves alirudi New York, mlango wa ghuba ukabaki mikononi mwa Wafaransa, na jenerali wa Kiingereza Cornwallis, aliyezingirwa katika mji wa Yorktown karibu na ghuba hiyo bila njia ya kupata msaada kwa bahari, akasalimu amri tarehe 19 Oktoba, jambo lililoamua vita hivyo. George Washington mwenyewe, kamanda wa jeshi la Wamarekani, alikuwa amepanda Ville de Paris kushauriana na de Grasse. Sijui manowari ngapi zilizozamisha adui kwa makumi zinaweza kudai matokeo ya namna hiyo.

Huko Saintes ilipigana mpaka jioni ndipo de Grasse akashusha bendera, kisha akawalaumu makamanda wake kwa miaka. Waingereza hawakuifaidi nyara yao. Mwezi Septemba mwaka huohuo, ikipelekwa Uingereza, ilizama kwa tufani katika Atlantiki, akaokoka baharia mmoja tu. Aliyeongoza msafara huo alikuwa Graves, yuleyule wa Chesapeake.