Ushuru wa Ulaya Ulivyommeza Bwana Harusi Mukono

Shangazi yangu wa Mengo hajawahi kufika Ulaya wala hana mpango huo, lakini ana ugomvi na Umoja wa Ulaya mpaka leo. Mimi ndiye niliyemtajia jina, maana siku ile ilibidi mtu atajwe.

Nilikuwa nasoma Kampala, kozi ya habari, na kila mwanafunzi alitakiwa awe na kazi yake ya video kabla ya mwaka kuisha. Kamera za chuo zilikuwa chache na foleni yake ilihitaji undugu. Wakati huohuo binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, alikuwa anajiandaa kwa kwanjula, akajitambulishe ukweni Mukono. Shangazi ni mfanyabiashara, akaunganisha mambo mawili. "Nakununulia kamera, utatupigia video. Hao wapiga picha wa mjini wananitajia bei kama vile wao ndio wanaolipa mahari."

Nikashuka William Street na mwenzangu wa hosteli, Mkenya wa Busia, mtu anayejua kila kitu kwa sababu alishakisikia mahali. Duka la kwanza lilikuwa na kamera ya kanda za MiniDV, bei ya kutupa. Kanda moja dakika 60. Mkenya akauliza, "Kuingiza kwenye kompyuta je?" Kumbe inataka waya wa FireWire, na laptop yangu tundu hilo haina. Tena kanda ya saa moja ni GB 13 hivi, na kuinakili ni saa nzima ileile, huwezi kuiharakisha. Tukaipita. Ya pili ilirekodi kwenye vidividii vidogo, kimoja dakika 30. Hapo tulicheka mpaka mwenye duka akakasirika. Nani atasimama katikati ya kwanjula kubadilisha dividii kila nusu saa?

Tukaishia kwenye kamera ya picha inayochukua na video, mtumba safi, ile inayomwacha mtu aking'aa na nyuma yake kote ukungu. "Ssebo, hii ndiyo kamera ya video zote za miziki unazoziona," mwenye duka akaapa. Milioni moja na laki mbili, akatuongezea stendi yenye mguu mmoja mgonjwa. Habari ya dakika hakuna aliyeigusa.

Ikabaki programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure, tena zuri, lakini wenyewe wanapendekeza kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 16 na laptop yangu ilikuwa na 4. Niliifungua, nikaenda Wandegeya kununua rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, nikasubiri mayai yaive, nikala, nikarudi, bado inafunguka. Nikataka kujaribu Kdenlive au Shotcut, ambazo ni za bure moja kwa moja na hazina makuu. Mkenya akakataa. "Cha bure kina sababu." Akaniletea flashi yenye programu ya kulipia, toleo la majaribio.

Sasa Mukono. Mahema mawili yanatazamana, sisi wageni huku, wenyeji kule, na wasemaji wawili wenye maikrofoni katikati. Usidhani kwanjula ni kufika, kusalimia, kutoa zawadi na kula. Msemaji wa wenyeji alianza kwa kutuuliza kama gari letu limeharibika, maana yeye hana habari ya wageni. Wetu akamjibu kwa methali, mwenzake akaipindua, watu wakafa kwa kicheko. Mabinti wakatoka makundi kwa makundi, magauni yao ya gomesi yanameremeta, wakapiga magoti kutusalimia, wakarudi ndani. Kamera iko juu ya stendi, mguu mgonjwa nimeufunga kamba, taa nyekundu inawaka. Nikaona kazi inajifanya yenyewe. Nikasogea nyuma ya hema, kwenye kreti za soda.

Ndipo ssenga akatoka, shangazi wa bibi harusi, kumtafuta bwana harusi katikati ya wanaume wetu. Mama wa haja, gomesi ya zambarau, shada la maua mkononi. Hakuwa na haraka. Alimsimamia mzee mmoja asiye na meno, akamkagua, akatikisa kichwa. Akamwinulia shada dereva wetu wa taksi, dereva akaanza kutoka jasho. Alipofika mbele ya kamera alisimama kabisa, akaiweka sawa mikunjo ya mshipi wake, akatabasamu kwenye lenzi. Kisha akaenda moja kwa moja kwa binamu, akamvisha. Vigelegele. Shangazi yangu akalia machozi ya kweli.

Nikarudi na Fanta mkononi. Taa nyekundu haipo.

Betri imejaa, kadi ina nafasi. Video imesimama kwenye dakika 29 na sekunde 59, na karibu zote ni za msemaji.

Usiku ule nilisoma mpaka nikapata mchawi. Umoja wa Ulaya ulikuwa unazitoza kamera za video ushuru wa forodha, kamera za picha zikipita bila. Na kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo ilihesabiwa kuwa ya video. Basi watengenezaji wakazikata pumzi sekunde moja kabla, kisha wakaziuza hivyohivyo dunia nzima, pamoja na kwetu tusiodaiwa ushuru huo. Nikamweleza Shangazi kwa adabu zote. "Kwa hiyo Wazungu wamekwepa kodi yao," akasema, "wakamficha mwanangu?"

Siku ya kuonyesha aliita majirani. Toleo la majaribio lilikuwa limebandika jina la programu katikati ya picha, herufi kubwa, likatua kwenye paji la uso la baba mkwe kila alipoinuka. Bwana harusi alionekana kiwiko. Majirani wakasifu chai.

Shangazi hakubali hasara. Akampigia ssenga simu aje Mengo arudie. Ssenga akakubali, ila anataka gomesi nyingine: ile ya kwanza ilikuwa ya ndoa, hii ni ya kamera. Ikanunuliwa, zambarau ileile. Tukafunga turubai uani, tukaazima wanaume wa mtaani, dereva wa taksi akaja bila kuitwa. Safari hii niliganda nyuma ya kamera, kidole kwenye kitufe. Nyumbani nikamfukuza Mkenya, nikaihariri kwa Kdenlive, ikatoka safi, haina maandishi popote.

Tukaialika familia nzima, na Bibi akaletwa kutoka Bukoba. Ssenga akatembea, akavisha shada, vigelegele kwenye runinga, vigelegele sebuleni. Kisha ikafuata sehemu ya chakula, iliyopigwa Mukono. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kati ya Mukono na Mengo binamu alikuwa amenyoa ndevu.

Bibi akasogeza kiti karibu na runinga. "Yule aliyechaguliwa ni mjukuu wangu, nimemwona," akasema. "Sasa huyu mwenye ndevu anayelishwa na mkewe ni nani?"