Ami Hakukalishwa, Alikaa Mwenyewe

Ile picha ya kanzu mnayonitumia, basi, acheni. Ninayo. Nimetumiwa na wifi aliyeipiga, na shoga yangu aliyeisambaza, na binamu wa Malindi ambaye mfungo mzima hata salamu hakunipa. Jana usiku imenirudia kutoka Muscat, imeandikwa chini yake "wape watu wako wa karibu". Hiyo "karibu" wameipigia mstari.

Sasa kwa kuwa shoga yangu keshasimulia yake kwamba mimi nilimkalisha ami juu ya keki, nami nasema yangu. Haikuwa keki. Ilikuwa biskuti. Na sikumkalisha mtu. Ami alikaa mwenyewe, kwa hiari yake, tena baada ya kupiga bismillahi.

Mnazijua zile biskuti za sukari, zinakatwa maumbo halafu zinapambwa kwa aisingi mpaka mtu anaona haya kuzila? Ramadhani yote, tarawehe ikisha, mimi na simu kitandani, natazama mikono ya watu inachora. Wenyewe huko Marekani huzipika sana kwa Krismasi, wakati wa baridi, siagi inakaa mezani ngumu na haina wasiwasi. Mimi nikasema, wao wakichora nyota zao, mimi nitachora mwezi na nyota. Nikaingia kwenye kikundi cha familia cha ukweni nikaandika: "Idd hii msihangaike na vileja, mie naleta biskuti."

Nimwandikie nani? Mavyaa. Ambaye vileja vyake vya unga wa mchele, samli na iliki vinajulikana Mombasa, kutoka Kibokoni hadi Kuze. Watu walivyosoma, kikundi kikanyamaza. Baadaye mavyaa akajibu neno moja: "Inshallah." Wenye mavyaa mnaijua hiyo Inshallah.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Usiku wa mwezi ishirini na tisa nitengeneze donge, lilale kwenye friji ligande. Siku ya thelathini nioke na kupamba kwa nafasi, aisingi ikauke usiku kucha, Idd ifike nimeoga na hina mkononi. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba ilitaka mwezi uandame nilivyopanga mimi. Tumefuturu, nimetoka tu kuliingiza donge kwenye friji, mara takbira msikitini, mara simu zinalia, mara mume wangu anaingia jikoni anacheka: "Mwezi umeonekana!" Nchi nzima inashukuru, mimi natazama friji.

(Anayesema ningepika mapema: mwezi hutimia siku ishirini na tisa au thelathini. Nilichagua thelathini. Ni nusu kwa nusu. Wengine huchagua upande mbaya wa mechi kila wiki na hamwandikii kitu.)

Donge halikulala. Nililitoa likiwa baridi juu na laini ndani, na kwa joto la Machi la Likoni, upepo umekatika hata jani halitikisiki, siagi ikaanza kuondoka kwenye unga kabla sijashika kibao. Miezi niliikata kwa bilauri: unakata duara, unasogeza bilauri, unakata tena, unapata hilali nzuri kabisa. Nikapanga, nikatia ndani. Donge laini likipata moto hutanuka. Ovani iliingia mwezi mwandamo, ikatoka mwezi mpevu.

Hapo ndipo akili ikanijia ya kuoka moja kubwa. Duara, upana wa sahani ya pilau, kwa sababu kama zote zinataka kuwa duara basi na tuelewane. Hii ndiyo itakuwa bibi harusi, zile ndogo wapambe. Ikaiva vizuri, kingo za dhahabu, imenyooka. Mwenyezi Mungu ni shahidi, ile biskuti ilikuwa nzuri.

Aisingi yake ni ute mweupe wa mayai matatu, sukari ya unga kama nusu kilo, na matone ya ndimu. Unapiga mpaka inasimama. Ikasimama. Nikaimwaga nyeupe juu ya biskuti yote, ikajilaza laini, nikajisifu peke yangu jikoni. Halafu nikageukia ya kijani ya kuandikia. Rangi niliyokuwa nayo ni ile ya maji, ya kichupa. Tone moja, kijani cha dawa ya meno. Naongeza, naongeza, mpaka kikapatikana kijani chenye heshima, lakini kila tone la rangi ni maji, na aisingi ikawa uji. Nikatia sukari zaidi nikajiambia itakauka. Mfuko wa kupambia sina, na mifuko ya nailoni tuliagana nayo tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo nikakunja karatasi ya kuokea nikakata ncha. Juu nikaandika IDD. Katikati hilali na nyota. Chini, kwa herufi kubwa nene: MUBARAK.

Nikaiweka mbele ya feni. Saa nane usiku stima ikapotea.

Mombasa usiku bila feni, hata nguo iliyofuliwa haikauki, seuze sukari. Sukari inavuta unyevu wa hewani yenyewe. Alfajiri nikagusa kwa ncha ya kidole: nyeupe imeshika ngozi juu, kijani bado kinang'aa kwa ubichi. Mume wangu akatoa rai tuiache nyumbani. Nilimtazama. Akaenda kutafuta kofia yake.

Feri sitaisimulia. Asubuhi ya Idd, feri ya Likoni, watu wote mnaowajua walikuwa mle. Biskuti ndogo nimezifungia kwenye dishi la mfuniko, kubwa iko kwenye sinia chini ya kawa, na mimi nalinda kawa kwa kiwiko. Tulipofika Kibokoni nikafungua dishi mbele ya mavyaa. Zilikuwa zimeshikana zote, wapambe na wapambwao, jiwe moja la kijani. Mavyaa akachukua kisu, akajaribu kubandua moja, akarudisha kisu. Akasema, "Mashallah, zina udugu." Akaenda kuleta vileja. Kumbe alivipika. Sinia mbili.

Basi nikabaki na ile kubwa. Hiyo nikaapa itasimama. Nikatafuta upepo. Sebule ile ina pangaboi moja, na chini yake kuna kiti kimoja cha mkono, kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mavyaa hukitoa Idd hadi Idd. Nikaiteremsha biskuti kutoka kwenye sinia, maana sinia lilitakiwa kwa kahawa, nikailaza juu ya kitambaa na karatasi yake, nikaifunika kawa. Nikamwambia kila mtu: msiguse. Watu wazima wote wakasikia.

Mtoto mmoja hakusikia. Alilichukua kawa akalivaa kichwani, akaondoka nalo na wenzake, na habari za mwisho tulizozipata lilikuwa Makadara kwenye bembea.

Sasa nielezeni. Biskuti nyeupe. Juu ya kitambaa cheupe. Kwenye sebule ambayo mapazia yameshushwa nusu kwa sababu ya jua.

Ami akaingia. Huyu ni ami mkubwa, kaka wa baba mkwe, mtu ambaye akikohoa watoto wanazima televisheni. Kanzu mpya, pasi imekolea, kofia ya vito, udi unamtangulia mlangoni. Akatoa salamu, tukaitikia. Akaanza kutoa mkono wa Idd, mmoja mmoja, kwa ukubwa wao. Mimi nimesimama mlango wa jikoni, mikono miwili imeshika sinia la kahawa, na mdomoni nina kaimati. Nzima. Nilikuwa nimeitia muda ule ule.

Nikatazama kiti. Kawa halipo.

Ami akakipa kiti mgongo.

Kwanza alishika kanzu kwa nyuma, akaivuta ikanyooka, isije ikapata makunyanzi. Nikasema, "Mmh!" Kwa maana ya "Ami, usikae!" Lakini kaimati ya mavyaa ina shira nzito, ukiitia nzima haimezeki wala haitemeki mbele za watu. Ami akadhani namkaribisha kula. Akanipungia mkono. "Starehe, mwanangu."

Akakunja magoti. Magoti ya ami ni ya miaka mingi, hayashuki mara moja, yana vituo. Kituo cha kwanza akashika mkono wa kiti wa kulia. "Mmh! Mmh!" Kituo cha pili akashika wa kushoto, na hapo, wallahi, akasimama. Katikati ya hewa. Akakumbuka kuniuliza mamangu anaendeleaje na mguu wake. Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote, hapana, hapana, hapana. Akaniuliza, "Haumwi tena?" Nikazidi kutikisa. "Alhamdulillahi." Mume wangu yuko pembeni yake, anaweza kunyoosha mkono tu akamzuia, ananitazama ananikonyeza kwamba nimependeza.

"Bismillahi," akasema ami. Kituo cha tatu.

Nilisikia. Sebule ina watu wamejaa, watoto wanalilia noti zao, pangaboi linaguna, lakini mimi nilisikia mlio mdogo mkavu, na nyuma yake mlio mwingine ambao haukuwa mkavu.

Uso wa ami haukubadilika. Nyusi moja ilipanda kidogo ikashuka. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Kila akisogea, mimi ninajua kinachosagika ni nini na kilipikwa saa ngapi. Halafu akaegemea, akapumua, akasema, "Haya, lete hiyo kahawa."

Nikamimina kahawa! Ningefanyaje? Mtu mzima umwambie vipi mbele ya wakwe kwamba ana maandishi? Mavyaa akatazama kiti, akanitazama mimi, akampitishia ami vileja. Wifi alikuwa keshatoa simu. Ami akala, akasifu, akahadithia Idd za zamani, watu walivyokuwa wakivaa, na mimi kila dakika naomba aisingi ikauke sasa hivi, au isikauke kabisa, sijui hata nilikuwa naomba nini.

Aliposimama, nusu ya biskuti ilisimama naye. Ilimfuata hatua mbili, ikadondoka kwenye mkeka, na IDD ikaenda nayo. Nyeupe juu ya kanzu nyeupe haikuonekana sana, afadhali. Kijani kilionekana. Kilijichapa kinyume, kimenyooka vizuri, mstari mmoja wa herufi kubwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mbele yake alikuwa amesimama mjukuu wake wa darasa la kwanza, mwaka huu ndiyo kwanza anajua kusoma na anasoma kila anachokiona.

"Ka," akasema. "Ra. Bu." Akakunja uso, akafikiri. "Karibu!"

"Nishakaribia, babu," ami akamjibu, akampapasa kichwa, akashuka ngazi.

Kukimbia nilikimbia, lakini buibui liko chumbani. Nilipofika dirishani ami keshaingia mtaani, na watoto nyuma yake. "Ami, karibu!" "Starehe, wanangu." "Babu, karibu!" "Starehe, starehe, nimekula." Wazee wa barazani wanageuka, mmoja anasoma, anamgusa mwenzake, wote wawili kwa adabu: "Sheikh, karibu." Ami anaweka mkono kifuani. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu kwamba watoto wa siku hizi watu huwasema vibaya, lakini Kibokoni bado wanalelewa. Picha mliyo nayo ni ya kona ya kwenda Ngomeni, wifi kaipiga kutoka juu kwa sababu ana simu nzuri na hana imani.

Mengine ni madogo. Muuza kahawa ndiye aliyemwambia. Ami akarudi, mimi nikawa bafuni na sikutoka. Akavalishwa kanzu ya mume wangu, inamfika muundini. Mume wangu, katika kusaidia, akailoweka ile ya ami kwenye maji ya moto, na ute wa yai ukipata moto mnajua unafanya nini, kwa hiyo dobi amesema sukari ametoa ila MUBARAK itabaki kwa mbali. Kawa lilirudi saa kumi na mbili likiwa na tundu. Ami hakugomba, aliuliza tu kwa upole, "Ile ilikuwa ya kuliwa?"

Wanaoulizia maelezo ya kupika, vipimo vya aisingi nimeshavitaja, na nyota zenu mtajua wenyewe. Shoga yangu naye akae akijua kwamba nina sauti yake ya harusi ya Kisauni, na betri yangu imejaa.

Orodha ya nani alete nini kwa Idd ya kuchinja imeshatoka kwenye kikundi. Wengine wamepewa pilau, kachumbari, halua. Mimi nimepewa barafu. Chini yake mavyaa ameongeza: "Ya kununua."