Nilivyojianika Ukutani

Ukihamia Akron, Ohio, ukapanga jirani na mstaafu wa kiwanda cha matairi, jiandae kusikiliza habari za bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito kwenye njia ya mbao ili liangushe pini 10 zilizosimama mwisho wake. Wengine wana Simba na Yanga. Mzee jirani yangu ana Earl Anthony, yule bwana wa mkono wa kushoto, miwani na nywele fupi, aliyekuwa wa kwanza kuvuna zaidi ya dola 100,000 za zawadi katika msimu mmoja, mwaka 1975. Mzee akimtaja huvua kofia.

Na ana haki ya kuringa. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilizaliwa hapohapo Akron mwaka 1958, mwasisi wake wakili Eddie Elias. Kuanzia 1965 mabingwa walikuja kuumana katika ukumbi wa Riviera Lanes, na Jumamosi mchana televisheni ya ABC ilirusha bolingi nchi nzima. Mwaka 1997 wakaacha. Mzee hajawasamehe mpaka leo.

Basi akaapa kunionyesha bolingi yenyewe. "Hizi za sasa ni disko," alisema, maana taa ni za zambarau, muziki unatoboa masikio, na kompyuta inakuhesabia pointi. Akanipeleka mji mdogo wa jirani, kwenye ukumbi wa chini ya jengo wenye njia chache za mbao na harufu ya vitunguu vya kukaanga. Dirishani nikapewa viatu vya kukodi, upande mwekundu upande kijani, namba imeandikwa kisiginoni kubwa hata mwizi angeona haya. Nilipovua vyangu, soksi ya kulia ikawa na tundu, na dole gumba likawachungulia wazee wa ligi. Nikadhani hiyo ndiyo aibu ya siku.

"Wewe mhasibu, andika wewe," mzee akaniambia. Nikakalishwa kwenye meza yenye taa chini yake, karatasi angavu, penseli ya nta, na juu yake kioo ambacho sikujishughulisha nacho. Hesabu zenyewe zina mambo. Ukiangusha pini zote 10 kwa mtupo mmoja unajumlishiwa na mitupo miwili inayofuata, kwa hiyo kisanduku kinabaki wazi, unadai.

Mzee akasimama. Kwanza akakausha kiganja kwenye kipuliza hewa. Akalifuta tufe lake la ratili 16 kwa taulo, akapandisha suruali, akanong'ona kitu, labda jina la Earl. Kisha hatua nne, mwili ukalala upande, tufe likaenda, mguu wa nyuma ukabaki hewani. Nami nina penseli mkononi! Nikachora kibonzo chake pembeni ya karatasi, nikaandika chini: "Mzee anamwaga maji machafu. Sogeeni msilowe." Kiswahili, tena Ohio, nani atasoma?

Njia ya pili kulikuwa na familia inasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto. Mama mmoja wa kitenge akaanza kucheka mpaka akashika kiti. "Papa!" akaniita. "Na siye tunajua kusoma, wee!"

Wakongo.

Nikainua macho, ndipo nikaelewa kazi ya kile kioo. Maneno yangu yote yalikuwa ukutani, juu ya pini, pamoja na kibonzo na ule mguu wake hewani. Nikakimbilia kufuta. Mkono wangu nao ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, vidole vinahangaika huku na huku, na ambao walikuwa hawajaangalia wakaangalia. Nta haikufutika, ilisambaa tu.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Nakusifia."

Mtoto mwenye keki akamtafsiria neno kwa neno, kwa Kiingereza safi cha Ohio, bila kusahau wale wa kusogea wasilowe. Ukumbi kimya. Mzee akauangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Nimeangusha ngapi?"

Sikuwa nimeona. "Nane," mtoto akajibu. Zilibaki pini ya 7 na ya 10, kila moja kona yake. Mchezaji wa kulipwa Mark Roth ndiye wa kwanza kuziangusha hizo mbili kwa mtupo mmoja mbele ya televisheni, mwaka 1980. Mzee akazikosa zote mbili na kutangaza kwamba nimemtia nuksi.

Zamu yangu ikafika. Tufe likaingia mtaroni, pembeni mwa njia. La pili nalo likafuata mwenzake. Mzee akamwinamia yule mtoto: "Na huyu, anamwaga nini?"

"Maji masafi," mtoto akasema. "Hayagusi kitu."

Wazee wa ligi huvaa mashati yenye jina la timu mgongoni. Msimu mpya ulipoanza, mzee alinigongea mlango akiwa na shati jipya, akageuka nisome nyuzi za dhahabu: MAJI MACHAFU. Wamejiandikisha hivyo rasmi, wastaafu wanne, na hakuna anayeweza kulitamka. Mimi ni mchezaji wa akiba, ila penseli nimepigwa marufuku kuigusa.