Ahadi ya Kinshasa, jiko la Goma

Novemba 2021, kule Glasgow, nchi zaidi ya 140 ziliahidi kukomesha upotevu wa misitu ifikapo 2030. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuondoka mikono mitupu: ilipata makubaliano na wafadhili ya dola milioni 500 kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba upotevu wa misitu usipite wastani wa 2014 hadi 2018.

Julai 2022 Kinshasa hiyohiyo ikanadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiingia hifadhi ya taifa ya Virunga na kwenye ardhi ya mboji iliyohifadhi kaboni kwa maelfu ya miaka. Wanaharakati walipopiga kelele, serikali ilihoji: waliotajirika kwa mafuta wana ubavu gani wa kutuzuia sisi kuchimba yetu? Hoja ina haki ndani yake. Lakini Muanda, pwani ya Kongo, mafuta yanachimbwa tangu miaka ya 1970 na wenyeji wake bado ni maskini. Sioni kwa nini kwingine iwe tofauti. Oktoba 2024 mnada ukafutwa, wizara ikitaja maombi yaliyochelewa na uhaba wa ushindani. Mwaka uliofuata vikatangazwa vitalu vipya 52.

Hapo ni rahisi kusema ahadi ni karatasi tu. Mimi sifiki huko. Bila karatasi ile, mnada wa 2022 ungekuwa habari ya kurasa za biashara tu.

Udhaifu wake naona uko kwingine. Ahadi inambana mwenye kalamu, wakati miti mingi ya Kongo inaangushwa na mwenye panga: mkulima anayefyeka shamba jipya, na mchoma makaa. Magunia ya makaa yanayouzwa Goma, mji wa mashariki ya Kongo, mengi yametoka Virunga, na njiani wenye bunduki wameshachukua chao. Mama anayenunua kopo moja la kuivisha maharagwe hana cha kuchagua. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, uliojengwa na hifadhi yenyewe na kuzinduliwa mwishoni mwa 2015, ulianza kumpa njia nyingine. Januari 2025 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23.

Makubaliano ya dola milioni 500 yanafikia ukomo 2026. Wafadhili watauliza hekta. Waulize pia ni nyumba ngapi za Goma, Bukavu na Kisangani zinapikia umeme.